Kufuli la Elfu Kumi na Mbili

Jambo lote lilinigharimu shilingi laki saba na sabini na tisa elfu. Nimehesabu mara mbili na mara ya pili imetoka ileile, kwa hiyo naiandika bila woga. Humo mna swichi, ruta, fundi na nauli yake, sanduku la chuma, kufuli, na mia tatu tatu alizonikata mnunuzi kwa kila kilo ya pweza. Cha bei ndogo kuliko vyote kilikuwa kufuli, elfu kumi na mbili tu. Ndicho kilichoniponza.

Nina chumba cha baridi Kilwa Masoko, upande wa nyuma wa soko. Nanunua pweza kwa wavuvi, nagandisha, nauza kwa mnunuzi mmoja wa Dar es Salaam anayekuja na gari lake. Mdogo wangu wa kike, tumbo moja, ndiye anayekaa ofisini kutwa: anapokea mzigo, anapima, anaandika. Mimi nazunguka. Mtu asiyezunguka katika biashara ya pweza huuziwa maji kwa bei ya nyama.

Mnunuzi ana sharti lake. Ndani ya chumba cha baridi aliweka kipimajoto kinachotuma habari kwenye mtandao usiku na mchana, ili yeye akiwa Dar aone kama mzigo wake umelala kwenye baridi inayotakiwa. Rekodi ikikatika zaidi ya saa mbili, ana haki ya kuukataa mzigo. Nilisaini. Nilisoma mara mbili kabla ya kusaini, na mara zote mbili sikulipenda.

Habari za kipimajoto hupita kwenye swichi. Kwa asiyeijua, swichi ni kisanduku cha bati chenye matundu ya kuchomekea nyaya za mtandao, kila tundu na kitaa chake cha kijani. Yangu ina matundu ishirini na nne. Tunatumia matano: kipimajoto, kamera mbili, kompyuta na ruta. Nilimuuliza fundi kama kuna namna ya kurudishiwa pesa za yale kumi na tisa. Akacheka. Mimi sikuwa nimetania.

Fundi huyu ni mzee mstaafu wa kazi za simu, anaishi Rasbura, Lindi mjini. Katika miezi miwili alikuja Kilwa mara tatu kwa sababu ileile: tundu la kipimajoto, namba saba, limejifunga, kitaa kimegeuka rangi. Anashuka kwenye basi, ananiitikia shikamoo yangu, anachomeka waya wake, anaandika mstari mmoja kwenye kompyuta, kitaa kinarudi kijani. Halafu anaagiza chai. Safari ya tatu nilimpimia muda kwa saa.

"Mzee, umetumia dakika nne," nikamwambia. "Nauli na chakula chako elfu thelathini. Hiyo ni elfu saba na mia tano kwa dakika."

"Mwanangu, hulipii dakika. Unalipia miaka niliyojifunza mstari huo."

"Nifundishe mimi mstari."

"Nikikufundisha, nitakunywa wapi chai?"

Lakini siku hiyohiyo, alipomaliza chai, akasema kitu kilichonifanya nimtazame upya. Alisema kuna namna ya kuifungua swichi akiwa kwake Rasbura, bila basi. Anaingia kwa njia ya mtandao, anaandika mstari wake, anatoka.

"Yaani wewe ukae Rasbura unakunywa uji, na huku uko ofisini kwangu?"

"Kwenye swichi, si ofisini."

"Swichi iko wapi?"

"Ofisini."

"Basi tumeelewana."

Mtu akitaka kuniokolea nauli inayoingia mfukoni mwake mwenyewe, lazima nijiulize anaokota nini upande wa pili. Nililala nayo siku tatu. Nikampigia simu nikamwambia sawa, ila nitakaa pembeni yake tangu anachomeka waya hadi anauchomoa. Alitaka laki na nusu. Nikasema hamsini. Akasema sisi Wamachinga ndivyo tulivyo, tutamuuzia mtu hata kivuli chake na kumdai chenji. Nikamwambia Wamwera, kabila lake, nao wangeuza kivuli, tatizo wangekikopesha. Tukakutana tisini.

Alikuja asubuhi na swichi mpya kidogo, yaani iliyotumika, kutoka Dar, maana ile ya zamani alisema haina uwezo wa njia salama. Nikavuta kigoda. Mdogo wangu alikuwa mezani kwake na daftari la mapokezi, anasikiliza kila kitu na kujifanya hasikii.

Kwanza mzee aliipa swichi jina na anwani yake. Kisha akaiambia itengeneze funguo zake za siri, ikatafuna kwa muda kabla ya kujibu. Akanieleza kwamba kuna njia mbili za kuingia kwa mbali. Ya zamani hupeleka maneno yako wazi, kama mtu anayetaja namba yake ya siri ya simu kwa sauti kwenye foleni ya wakala. Ya pili, wanayoiita SSH, hufunga maneno humohumo njiani, hata anayeyadaka asiambulie kitu. Akaifunga ya zamani, akaiacha ya pili. Nikamwambia aifunge tena ile ya zamani mbele ya macho yangu. Akaniambia ikishafungwa imefungwa. Nikamwambia aniridhishe. Akajaribu kuingia kwa njia ya zamani, ikamkatalia. Nikaridhika nusu.

Halafu akajaribu ile salama. Kompyuta yake ikamwonyesha mstari mrefu wa herufi na namba zilizochanganyika, ikamuuliza kama anaiamini swichi hii. Mzee akaandika ndiyo, kidole kikawa kinaelekea kitufe.

"Subiri," nikasema. "Umesoma?"

"Nini?"

"Hicho ulichoambiwa uamini."

Akaeleza kwamba ule mstari ni alama ya kidole ya swichi. Mtu akitega swichi ya bandia katikati ya njia, alama yake itakuwa tofauti. Nikamuuliza sasa amejuaje hii ni ya kwangu na si ya bandia. Akasema iko hapa mbele yetu. Nikasema na mwizi naye ndivyo angependa useme. Basi akachukua alama kutoka kwenye swichi yenyewe, kwa ule waya wake wa kuchomeka, tukazilinganisha mbili, yeye anasoma huku, mimi naweka kidole kule, herufi kwa herufi. Zikalingana. Nikasema turudie.

"Ya Rabi," akasema. "Tangu nianze kazi hakuna aliyewahi kuniomba hivi." Lakini alirudia, na nilimwona safari hii anasoma kwa adabu.

Alipounganisha na mtandao akanionyesha kitu ambacho sitakisahau. Kabla hata hatujamaliza kikombe, swichi ilikuwa imeandika kwamba kuna watu wamegonga mlango, wanajaribu majina na maneno ya siri, moja baada ya jingine.

"Watu gani hao? Wa Nangurukuru?"

"Wa dunia nzima, bibie. Wengine si watu, ni mashine. Kazi yao ni kusukuma kila mlango kutwa kucha."

Nilimwambia azime. Akasema hapana, na hapo ndipo alipoanza kunifurahisha: akaiamuru swichi isimsikilize yeyote anayetoka kwingine isipokuwa anwani yake ya Rasbura, akikosea neno mara tatu imfungie, akikaa dakika tano bila kazi imtoe. Na kila tundu lisilotumika alilifunga. Na kwenye yale matano, swichi ikiona kitu isichokitambua, ilifunge tundu lenyewe bila kuuliza. Hilo la mwisho nililiomba mimi.

Ikabaki maneno ya siri. Swichi ina mawili. La kwanza linakuingiza na kukuruhusu kutazama. La pili linakupa mamlaka ya kubadilisha. Hapo nikamkumbuka baba.

Marehemu baba alikuwa mtunza ghala la korosho Mtama. Mlango wa ghala ulikuwa na makufuli mawili. Ufunguo wa moja alikuwa nao mwenyekiti wa chama, wa pili alikuwa nao yeye, na hakuna kati yao aliyeweza kuingia peke yake, hata kama gunia linaungua. Watu walimcheka kwamba hawezi kuingia kwenye ghala analolitunza. Alijibu kwamba ndiyo sababu anaitwa mtunza na si mwizi. Hadi anastaafu hakuna mtu aliyemnyooshea kidole.

Nikamwambia mzee: neno la kwanza lako, la pili langu. Ukiwa Rasbura unaingia, unatazama, ukitaka kugusa kitu unanipigia. Nakusomea langu, unafanya kazi, na jioni mimi nalibadilisha. Akanifundisha mstari wa kubadilisha, nikauandika. Akageuza uso ukutani, nikaandika neno langu. Nilihakikisha kioo cha dirisha hakirudishi picha.

Mdogo wangu akainua kichwa. "Dada, na mimi nipewe lipi?"

"Wewe una kazi nyingi."

Alirudi kwenye daftari. Kalamu haikuandika kwa muda.

Naomba nieleze, maana hapa ndipo penyewe. Miaka mitatu nyuma kilo kumi na nne za pweza zilipungua ndani ya chumba cha baridi. Si maji yaliyochuruzika, maji nayajua. Wiki hiyo ufunguo alikuwa nao yeye, na mume aliyekuwa naye wakati huo alikuwa mtu wa madeni. Sikumshitaki. Nilihesabu, nikahesabu tena, nikanyamaza, na tangu siku hiyo funguo zote zinalala kwangu. Hatukuwahi kulizungumza. Mume yule alishaondoka. Kilo kumi na nne zimebaki.

Baada ya mzee kwenda nikapeleka vipimo kwa mchomeleaji, akanitengenezea sanduku la chuma, elfu hamsini na tano. Nikaiweka swichi humo, pamoja na ruta na betri yake ya umeme wa akiba, ili mtu asizime wala kuchomoa chochote kwa nje. Nikatia kufuli. Ufunguo nikaufunga kwenye pindo la khanga. Nilimpigia mzee kumwarifu kwamba sasa tuna makufuli mawili kama ghala la baba, moja la maneno na moja la chuma. Akauliza, "Na huo ufunguo wa chuma anao nani?" Nikasema mimi. Akasema "Haya," kwa namna ambayo ningekuwa nasikiliza vizuri ningeisikia.

Mwezi na nusu mambo yalikwenda. Tundu lilijifunga mara mbili, akapiga, nikasoma neno, akafungua, jioni nikabadilisha. Nauli sifuri. Nilianza kumpenda mzee, kwa tahadhari.

Ikafika siku ya kufungua mwamba. Kisiwani, ng'ambo kidogo na sisi, wanakijiji huufunga mwamba wao miezi mitatu, mtu haruhusiwi hata kuchungulia pweza, halafu huufungua wakati wa bamvua, maji yanapokauka sana. Pweza wanakuwa wamekua. Ni siku mbili tu, na anayenunua siku hizo hula miezi mitatu. Siku ya kwanza nilileta kilo mia tatu na tisini. Siku ya pili nikaondoka alfajiri na mashua, mzani, na simu ndani ya mfuko wa plastiki. Kule mwambani mtandao haufiki. Hilo nalijua kama ninavyojua jina langu, na bado sikulihesabu.

Yaliyotokea nilisimuliwa na wote wawili, kila mtu kivyake, na nilipolinganisha yalilingana.

Saa nne na robo umeme ulikatika na kurudi, ukakatika na kurudi. Kipimajoto kikashtuka, kikaamka kikajitambulisha vibaya, na swichi ikakishuku. Ikafunga tundu namba saba bila kuuliza, kama nilivyoagiza. Mdogo wangu akaona kwenye kompyuta mstari wa joto umekatika. Akampigia mzee. Mzee akaingia kwa neno lake, akaona tundu limefungwa, akawa analitazama tu. Wakanipigia mimi. Sipatikani. Wakapiga tena. Sipatikani.

"Unaweza kuuchomeka waya wa kipimajoto kwenye ruta moja kwa moja?" mzee akamuuliza.

"Swichi imo kwenye sanduku, mzee. Lina kufuli."

"Zima umeme basi, iwake upya."

"Betri nayo imo sandukuni."

Mzee akasema, "Tafuta nyundo, mama. Kufuli la elfu kumi na mbili hilo, pigo moja."

Na mdogo wangu akamjibu, mzee alinirudishia maneno yenyewe: "Nikilivunja, dada atahesabu kilichomo. Kikipungua kitu hata msumari, ni mimi. Mzigo uharibike ukiwa umefungwa."

Hakuvunja. Alichofanya ni hiki. Mlangoni mwa chumba cha baridi kuna kipimajoto cha mshale, cha zamani, ambacho hakifai hata kumtulizia mtoto. Alikipiga picha, na saa ya ukutani ikionekana kando yake, akamtumia mzee. Mzee akamwambia kila robo saa. Yeye Rasbura alikuwa anaandika kila picha ilivyofika na saa iliyofika. Mzee alisali adhuhuri akiwa na simu mbele ya mkeka. Mdogo wangu hakwenda kula.

Niliingia saa kumi kasorobo na kilo mia mbili na hamsini, nimelowa hadi kiunoni, nina furaha ya mtu aliyepunja bila kupunjwa. Nikamkuta amesimama mlangoni na simu mkononi, anapiga picha ukuta. Wazo langu la kwanza, na naliandika kwa sababu nimeamua kuandika yote, lilikuwa: anampigia nani picha za chumba changu?

"Tundu limefunga tangu saa nne," akasema. "Toa neno."

Nikampigia mzee nikamsomea neno. Hakuuliza shikamoo yangu iko wapi. Kitaa kikarudi kijani. Dakika moja. Saa tano na nusu za rekodi tupu, na mzigo wa jana wote ndani.

Gari la mnunuzi lilikuwa tayari limeshapita Somanga. Mtu wake alipofika alifungua simu yake kabla hata hajanisalimu.

"Mama, hapa pana shimo."

"Pana shimo kwenye mtandao. Kwenye baridi hapana."

"Nitajuaje?"

Mdogo wangu akaweka simu yake juu ya meza. Picha ishirini na mbili. Mshale haukusogea hata upana wa ukucha. Mtu yule akampigia mzee Rasbura akamtaka asome saa alizoandika, moja moja, naye huku anafuatisha kwenye picha. Nilimtazama akisoma, kidole juu ya kioo, nikajiona mimi. Alipofika mwisho akasema turudie.

Alianza kwa kukata elfu moja kwa kilo, kwenye mzigo wote, maana pweza wa jana na wa leo hawajaandikwa usoni. Tukabishana hadi adhana ya magharibi. Nikamfikisha mia tatu. Kilo mia sita na arobaini, laki moja na tisini na mbili elfu. Kwa mkataba wetu angeweza kuniachia pweza wote na kuondoka na barafu yake. Picha za mdogo wangu ndizo zilizouza mzigo ule.

Gari lilipoondoka nikampigia mzee kumuuliza anadai kiasi gani kwa kutwa nzima. Akasema ya leo haihesabiwi. Fundi asiyetoza hunitia wasiwasi kuliko anayetoza, nikamwuliza kwa nini.

"Kwa sababu leo sikufanya kazi, mwanangu. Nilikaa nje ya mlango wako na binti wa watu, wote wawili tumefungiwa. Kwenye ghala la baba yako funguo walikuwa nazo watu wangapi?"

"Wawili."

"Na hapa kwako?"

Nilihesabu. Nikahesabu tena. Nilikuwa nimehesabu makufuli, sikuhesabu watu.

Wiki iliyofuata alinipa mpango mpya, kwa simu, na sikumwuliza bei. Kila mtu awe na jina lake kwenye swichi: yeye, mimi, na mdogo wangu. Kila mtu na neno lake, hakuna wa kumsomea mwenzake, na swichi iandike nani kaingia, saa ngapi, kagusa nini. Hilo la kuandika lilinishawishi. Akafanya yote akiwa kwake, mimi nikitazama. Jina la mdogo wangu lipo. Neno lake hajaliweka hadi leo.

Nikachonga ufunguo wa pili wa sanduku. Nikauweka mezani kwake, juu ya daftari la mapokezi, nikasema, "Huu wako."

Hakuugusa. "Kaa nao, dada."

"Nakupa."

"Siku kikipungua kitu, nitakujibu nini?"

Ningeweza kumwambia kwamba sitauliza. Angejua ni uongo. Ananijua tangu ananyonya. Ningeweza kuzitaja zile kilo kumi na nne, lakini nikizitaja nitakuwa nimekiri kwamba nimezibeba miaka mitatu nikila naye sahani moja, na sijui bado ni nani aliyezichukua. Huenda yule mume. Huenda mzani. Huenda yeye. Nimezihesabu kila upande, hazitoki.

Mwamba umefungwa tena. Utafunguliwa bamvua ya mwezi ujao, nami nitakwenda kule ambako simu haifiki. Ufunguo bado uko pale juu ya daftari. Kila asubuhi anausogeza pembeni aandike, jioni anaurudisha mahali pake. Wewe unayesoma, kama uliwahi kumshuku mtu wa tumbo moja na wewe bila ushahidi, naye akajua, halafu ukataka kumkabidhi ufunguo: ulimwambia nini hadi akaupokea? Nieleze kabla ya bamvua. Maneno ya kujaribu yapo mengi, lakini naye, kama ile swichi, nadhani atanivumilia kukosea mara tatu tu, na mbili nimeshazitumia pale mezani kwake.